Barua ya Emiliana Yenye Madole Mawili

Mwaka 1995 shirika la umma nililolitumikia miaka tisa liliuzwa, na sisi makatibu muhtasi tukapewa barua za kupunguzwa kazi siku moja, saa nne asubuhi, kabla hata chai haijaja. Nilitoka pale na taipureta yangu. Walikuwa wanaziuza pamoja na makabati na saa ya ukutani, nikaona heri niondoke na kitu ninachokijua. Nikapata nafasi kwenye kibaraza cha duka la vitenge karibu na Soko la Majengo, hapa Dodoma, nikatundika kibao: RITHA, MPIGA CHAPA. BARUA ZA AINA ZOTE.

Siku zile za soko huria kila mtu alikuwa na la kuandika. Huyu anaomba leseni ya duka, yule anaomba kiwanja, mwingine amepunguzwa kama mimi na anatafuta pa kujishikiza. Nilidhani nimeshaandika kila aina ya barua. Kisha, mwezi wa Mei 1997, akaja Emiliana.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, wa miaka arobaini na kitu, kichwani amefunga kitambaa cheupe kilichonyooshwa pasi kikawa kama karatasi mpya.

"Shikamoo, dada," nikamwamkia.

"Marahaba, mdogo wangu. Nimekuja kwako kwa sababu hupendi kusimulia mambo ya wateja."

"Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nimekaa pale kwa muuza karanga siku tatu nakuangalia."

Nikacheka, nikamsogezea kigoda. Nikamuuliza anataka kumwandikia nani.

"Wabunge."

"Mbunge yupi?"

"Wote."

Nilitia karatasi kwenye mashine nikaanza kama nilivyofundishwa: Kwa heshima na taadhima. Alikuwa hajui kusoma, kwa hiyo alitaka kila mstari nimsomee. Nilipomsomea ule wa kwanza akanizuia kwa mkono.

"Taadhima ndiyo nini?"

"Ni heshima, dada."

"Heshima umeshaitaja. Futa. Hawa watu wana kazi nyingi."

Ndivyo alivyokuwa. Barua ile ya ukurasa mmoja tuliiandika siku nne, na hakuna neno lililoingia bila yeye kuligeuza mbele na nyuma kama anayechagua nyanya. Ilipofika siku ya pili nilikuwa nimeshampenda. Siku hiyo ya pili ndipo aliponiambia ni barua ya nini.

Emiliana aliolewa Chamwino mwaka 1972 na mtu aliyeitwa Sostenes, mfanyabiashara wa ng'ombe. Alimpiga miaka kumi na moja. Emiliana hakunieleza alivyopigwa. Alinieleza alikokwenda kusema: kwa balozi wa nyumba kumi, kwa mzee wa kanisa, kwa wajomba zake mwenyewe, na kituo cha polisi, ambako askari alimwambia arudi nyumbani akapike, hayo ni mambo ya chumbani. Mwaka 1983, jioni moja, Sostenes alimwambia anakwenda kunywa, na akirudi ataanza na mtoto ndipo amalizie na mama. Mtoto huyo, Evelina, alikuwa na miaka mitano. Emiliana alichukua mchi wa kutwangia akasimama nyuma ya mlango. Mlango wa tembe ni mfupi, mtu huinama kuingia. Sostenes alipoinama, akampiga mara moja. Alifia hospitali siku ya tatu.

"Mahakamani waliniuliza, siku ile alikupiga?" Emiliana alisema, mikono ameilaza mapajani. "Nikasema, siku ile bado. Basi, yakaishia hapo. Mwanasheria niliyepewa akanieleza baadaye. Sheria inamhurumia mwenye hasira za ghafla, aliyechokozwa papo hapo. Mimi nilisimama nyuma ya mlango nikangoja. Mdogo wangu, mimi sikuwa na hasira. Nilikuwa na hofu, na hofu yangu ilikuwa na umri wa miaka kumi na moja. Hiyo hawakuwa na mahali pa kuiandika."

Shtaka la kuua kwa kukusudia lilipunguzwa kwa kuwa alipiga pigo moja tu, akafungwa miaka kumi na miwili. Alitoka mwaka 1994.

Mimi nilidhani anataka fidia, au jina lake lisafishwe. Nilipomwambia hivyo akanitazama kwa mshangao.

"Miaka yangu imekwisha kuliwa, nitaitapisha kwa nani? Nataka mambo mawili. Sheria iruhusu mahakama isikie ya nyuma, yale ya kabla ya siku ile. Na walio ndani kwa makosa kama langu, hukumu zao ziangaliwe upya. Kuna binti mle ndani anaitwa Mwanahawa, wa Kolo, kule Kondoa. Mumewe alimvunja mkono huu, ulipounga akamvunja tena. Ana miaka ishirini na mitano ya kifungo na ndiye aliyekuwa ananisomea barua za mwanangu. Nilipotoka nilimwambia sitamsahau. Sasa nisipofanya kitu, nitakuwa nimesema tu."

Barua ilipokamilika nilitaka kuipeleka kuidurufu. Emiliana akakataa. "Bado. Humu ndani nimemtaja marehemu. Ana mama yake. Sitasema habari za mwanawe kwa watu wa Serikali kabla yeye hajasikia."

Niliirudisha barua mezani. "Dada, huyo mama anajua umetoka?"

"Anajua. Ndiye aliyemlea Evelina. Lakini mimi na yeye hatujawahi kuongelea lile jambo. Miaka mitatu naenda, namsalimia, natwanga, nachota maji, narudi zangu mjini. Hata siku moja."

Jumamosi tukaenda Chamwino, mimi na barua yangu kwenye bahasha. Bibi Ruthu, mama wa Sostenes, alikuwa anapepeta uwele uani. Alikuwa mdogo wa mwili, mweusi tii, jicho moja limeanza kuingia ukungu. "Mbukwa," akatusalimu kwa Kigogo, tukaitikia. Evelina, binti wa miaka kumi na tisa sasa, akatutandikia mkeka. Emiliana alipiga magoti akasema, "Mama, kuna maneno nimeandika. Huyu mdogo wangu atakusomea. Usipoyapenda nitayachana hapahapa."

Nimesoma barua nyingi kwa sauti, lakini ile sitaisahau. Nilisoma polepole, Evelina akitafsiri palipokuwa na Kiswahili kigumu. Nilipofika pale pa mlango na mchi nilipunguza sauti, nikaendelea. Bibi hakuacha kupepeta. Niliposema mwisho ungo ndipo ukatulia.

Emiliana alikuwa bado amepiga magoti.

"Na mimi niliitwa mahakamani," Bibi Ruthu alisema hatimaye. "Waliniuliza, ulimwona huyu akimpiga mwanao? Nikasema nilimwona. Wakaniambia, shuka. Nikashuka." Akashika ukingo wa ungo. "Mimi nililala nyumba hiyohiyo miaka yote kumi na moja. Jioni ile nilimsikia alivyosema kuhusu mtoto. Mwanangu, wa tumbo langu. Nilisikia. Wangeniuliza ningesema. Hawakuniuliza, na mimi sikusema, na ukoo ulifurahi kwamba sikusema."

"Mama," Emiliana akasema, na sauti yake ilikuwa ya msichana.

"Ninyamaze mpaka lini? Barua hiyo watu huwekaje alama yao?"

Nikamwambia asiyejua kuandika huweka dole gumba kwenye wino.

"Basi na langu liwepo. Pembeni ya lake."

Ndiyo maana baada ya kudurufu nakala arobaini, ndizo pesa zetu zilizofikia, kwenye mashine ya ofisi moja ya kanisa, tulirudi tena Chamwino na pedi yangu ya wino, na wanawake wale wawili wakakaa mkekani adhuhuri nzima wakibandika madole. Emiliana aliona Bibi anakandamiza mno. "Taratibu, mama, hayo si maandazi." Bibi akamjibu kwamba yeye alianza kufanya kazi kwa mikono kabla mama yake Emiliana hajazaliwa. Evelina alicheka mpaka akalala chali. Baadaye aliniambia hajawahi kuwaona wakitaniana.

Mwezi Juni Bunge la bajeti lilianza. Upepo wa Dodoma wa mwezi huo mnaujua, unaingia na vumbi jekundu mpaka kwenye ulimi. Emiliana alisimama siku mbili nje ya lango la ukumbi na bahasha zake. Askari alimwambia kwa upole kwamba barua za wananchi hupitia kwa mbunge wao. Alipompelekea karani wa mbunge wake, karani akaiweka juu ya rundo lililokuwa refu kama mtoto wa darasa la kwanza. Aliona kwa macho yake barua yake itakavyozeeka pale.

Sasa, kazi ya Emiliana ilikuwa kufua na kupiga pasi kwenye gesti ya Bwana Fabian, mtaa wa Makole. Gesti zilikuwa zimeota mjini kama uyoga kwa ajili ya Bunge, na ile ya Fabian ilisifika kwa jambo moja, pasi ya Emiliana. Kazi hiyo aliijulia gerezani, akinyoosha sare. Alikuwa na pasi ya mkaa ambayo hakumruhusu mtu kuigusa, na suruali ikitoka mkononi mwake mkunjo wake ungekata mkate. Waheshimiwa kumi na mmoja walikuwa wamepanga pale mwezi mzima.

Hakuniomba ushauri, maana alijua nitakataa. Alikunja barua vizuri, akatia moja moja kwenye mfuko wa ndani wa kila koti, upande wa moyo, akapiga pasi juu yake.

Siku ya pili yake, saa saba mchana, Emiliana akaja kibarazani kwangu na pasi yake mkononi, imepoa.

"Fabian amenifukuza," akasema. "Wanne wamelalamika. Mmoja aliitoa akidhani ni hotuba yake, akaanza kuisoma mbele ya wenzake."

"Dada Emiliana! Umetia barua mifukoni mwa wabunge?"

"Ningewawekea wapi, kwenye soksi?"

Nilitaka kumgombeza lakini kicheko kilinishinda, naye akacheka, na tulikuwa bado tunapangusa macho wakati mzee mmoja mwenye miwani na suti ya kijivu aliposimama mbele ya meza yangu. Mkononi alikuwa na ile barua; gesti walikuwa wamemwelekeza kwangu. Tulikaa wima kama wanafunzi.

Alikuwa mbunge kutoka upande wa ziwa, jina lake Octavian, na kabla ya siasa alikuwa mwalimu mkuu. Hakusalimia. "Nani aliyepiga chapa hii?"

"Ni mimi, mheshimiwa," nikasema.

"Kuna makosa mawili ya tahajia." Akanionyesha. Alikuwa ameyazungushia kalamu nyekundu. Kisha akageuza karatasi chini. "Hapa kuna dole la Emiliana. Hili la pili, la Ruthu, ni la nani? Hamkuandika."

"Ni la mama wa marehemu," Emiliana akajibu. Alikuwa amesimama.

Yule mzee akavua miwani. Akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Nadhani alikaa dakika nzima akiifuta miwani kwa ncha ya tai.

"Nina binti," akasema, na alikuwa anaongea na miwani kuliko sisi. "Amerudi nyumbani mara tatu. Mara tatu nimemrudisha kwa mumewe, kwa gari langu mwenyewe. Nilimwambia ndoa ni uvumilivu." Akaivaa. "Mama, unaweza kusema haya mbele ya watu, kwa mdomo wako?"

"Ninaweza, baba."

"Na huyo mama mzee?"

"Huyo ndiye atakayesema vizuri kuliko mimi."

Jioni ile Fabian mwenyewe alikuja kumwomba Emiliana arudi. Kijana aliyeshika pasi mahali pake alikuwa ameunguza suruali ya mheshimiwa mmoja pale panapokaliwa. Emiliana alikubali kwa sharti kwamba asiulizwe habari za mifuko.

Wiki mbili baadaye tukakutana kwenye chumba cha nyuma cha hoteli moja ndogo. Mzee Octavian aliwaalika wabunge ishirini, wakaja tisa, watano wakiwa wanawake. Bibi Ruthu alivaa gauni lake la kanisani na sweta la Evelina. Emiliana alisimama, akasema yale yaliyokuwa kwenye barua, bila karatasi, bila kukosea hata neno, kwa kuwa kila neno alikuwa amelichagua.

Mbunge mmoja, mtu mwenye sauti nzito ambaye hakuwa na ubaya, akamuuliza, "Mama, tunakuonea huruma. Lakini tukilegeza sheria, hatutakuwa tumewapa wake ruhusa ya kuua waume zao?"

Emiliana alifikiri kabla ya kujibu. "Mheshimiwa, mimi sikuja kuomba ruhusa ya kuua. Aliyekufa nilikuwa mke wake, hata leo nikipita kaburini kwake moyo hunipasuka. Nimekuja kuomba muulize maswali. Mimi niligonga milango minne kabla sijasimama nyuma ya ule mmoja. Hata mmoja kati ya ile minne ungefunguliwa, Sostenes angekuwa hai, amezeeka, labda hata ameacha pombe. Sheria iliniona siku moja tu. Iwe inatuona na siku nyingine."

Bibi Ruthu akainuka kwa kujikongoja, akazungumza Kigogo, Evelina akitafsiri mstari kwa mstari. Alieleza alivyoulizwa swali moja na kushushwa. Mwisho akamshika Emiliana mkono, akasema maneno mafupi. Evelina alishindwa kuyatafsiri mara moja, akainamisha uso, ndipo akasema, "Bibi anasema, nilikuwa na mtoto mmoja wakamzika. Huyu walinifungia. Nilibaki bila hata mmoja, na hapakuwa na mtu aliyeniuliza kama hiyo ndiyo haki niliyoitaka."

Yule mwenye sauti nzito ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinuka kumpa Bibi kiti.

Ningependa kuwaambia sheria ilibadilika mwaka ule. Haikubadilika. Mzee Octavian aliuliza swali bungeni, na tulilisikia kwenye redio ya duka la vitenge, mimi, Emiliana na wateja waliokuwa wamesimama na vitenge mikononi. Jibu lilikuwa kwamba suala hilo linafanyiwa kazi.

"Linafanyiwa kazi na nani?" Emiliana akaniuliza.

"Sijui, dada. Wizara, labda."

"Basi tia karatasi. Tumwandikie huyo."

Tukamwandikia. Mwaka 1998 tukaandika tena, na 1999. Habari za kikao kile ziliingia gazetini, aya chache tu, ukurasa wa ndani, lakini wanasheria wanawake wawili wa Dar es Salaam walizisoma wakapanda treni kuja kumtafuta Emiliana. Nao waliomba kumwona Mwanahawa gerezani, wakapekua jalada lake, wakakuta hata vyeti vya hospitali vya ule mkono havikuwahi kufikishwa mahakamani. Wakakata rufaa. Ilichukua miaka miwili na kuahirishwa mara sita, na mara zote sita Emiliana alihudhuria, kitambaa chake kimenyooka. Mwaka 2000, mwezi wa Septemba, kifungo cha Mwanahawa kilipunguzwa kikawa kile alichokwisha kukitumikia.

Mzee Octavian hakurudi bungeni uchaguzi wa mwaka huo. Aliniandikia barua moja, kwa mkono, hati nzuri ya mwalimu, akisema binti yake amerudi nyumbani mara ya nne na safari hii gari ameliuza. Nilimsomea Emiliana. Aliniomba nimsomee tena.

Siku ya kumpokea Mwanahawa tulikwenda asubuhi. Nilitegemea msichana, kwa jinsi Emiliana alivyokuwa akimwita binti, kumbe alitoka mwanamke wa miaka thelathini na nne, mnene kidogo, mkono wa kushoto umepinda kwenye kiwiko. Alisimama nje ya geti akiangalia barabara kama mtu aliyeshuka kituo asichokijua. Emiliana alimwendea, akamtazama toka juu mpaka chini, na badala ya kumkumbatia akaanza kumrekebisha khanga begani.

"Nani kakufunga hivi? Unafanana na mzigo wa kuni."

Mwanahawa akaanza kulia. Emiliana akaendelea kufunga khanga, anafungua, anafunga upya, mpaka Evelina alipowashika wote wawili.

Ndugu zake wa Kolo walimpokea, wakampa kipande cha shamba la kaka yake, lakini hakukaa. Miezi mitatu baadaye alikuja Chamwino kusalimia akiwa na sanduku, na Bibi Ruthu akamwambia mgeni mwenye sanduku si mgeni. Sasa yeye na Bibi wanalima karanga, na Mwanahawa ana kikundi cha kina mama anaowafundisha kusoma siku za Alhamisi. Emiliana ni mwanafunzi wake mbishi kuliko wote. Anataka kujua kwa nini herufi nyingine zina mikia.

Wiki iliyopita alipita kwangu na daftari lake. Alikuwa ameandika mistari sita, kwa mkono wake, ya barua ya mwaka huu. Herufi zilikuwa zinapanda kilima na kushuka. Nikamwambia nitaipiga chapa vizuri.

"Hapana," akasema. "Wewe angalia makosa tu. Hii wataisoma hivihivi."